Uzi Juu ya Kibuyu

Naikumbuka siku moja ya enzi za Mjerumani, mwanangu, nikisoma shule Korogwe. Nilikuwa na haya mno. Niliyoyaona niliyaandika tu daftarini. Mwenzangu akalinyakua, akasoma kwa sauti: "Nimeona mwanga umepinda ndani ya chupa ya asali ambayo bibi aliitia maji akaisahau." Darasa zima kicheko.

"Mwanga hunyooka," mwalimu akasema, akilichukua daftari. "Jumatatu tuoneshe uliopinda. La sivyo, hili litawasha moto wa uji."

Nilikimbilia kijiji cha jirani, Kwamndolwa, kwa bibi, Mzigua wa Handeni aliyehamia huko na mizinga yake ya nyuki. Nikamimina asali na maji chupani, nikachanganya haraka kwa kijiti. Mwanga ukapita umenyooka! Nikalia.

"Nani kakutuma uchanganye?" bibi akanikemea. "Asali chini, maji juu, uiache ipande yenyewe. Na uliloliona liseme, mjukuu wangu. Mficha uchi hazai!"

Akanipa asali, uzi na kibuyu, akanifundisha la kufanya. Jumamosi nikaimimina asali chupani palepale darasani, kisha maji juu yake, taratibu. Jumatatu tukafunga madirisha, jua likapenya kwenye tundu la msumari. Mwanga ukaingia chupani ubavuni, ukainama kama suke la mtama lililokomaa.

"Mchawi huyu!" mwenzangu akaropoka.

Nikakaza uzi juu ya tumbo la kibuyu. "Mwalimu, uzi huu umelegea?"

"Haujalegea. Hauna njia fupi zaidi."

"Lakini ukiutazama kwa mbali umepinda. Uzi haukukosea, kibuyu ndicho chenye tumbo. Ndani ya chupa, penye asali nyingi mwanga huenda pole, penye maji huenda upesi. Basi kwake nafasi ile ina tumbo kama kibuyu, nao umeshika unyoofu wake, njia ya upesi kuliko zote."

Mwalimu akaushika uzi, akaufuata kwa kidole, mara mbili. Kisha akanirudishia daftari kwa mikono miwili. "Leo nimefundishwa," akasema. "Lisome tena." Nikalisoma, mwanangu, kwa sauti iliyofika hadi jikoni kwenye uji, na hakuna aliyecheka.

Basi shika haya. Macho yako yakikuonesha jambo, usilifukie kwa kuogopa kuchekwa. Wala usilithibitishe kwa pupa, lipe siku zake. Na ukimwona mtu amepinda, tazama kwanza anapopita. Mungu akunyooshee njia yako, hata pale wengine watakapoiona imepinda.