Chuo Kikuu Chenye Geti

Nilikuwa Wandegeya, mtaa wa Kampala, kwenye duka la kuchapisha, nimeshika barua ya binti yangu ya kuomba nafasi katika chuo kikuu kipya cha serikali, kile cha kisiwani. Mbele yangu alisimama bwana wa suti, kifua mbele kama askari mstaafu. Kumbe ni mtu wa chuo hicho hicho! Alikuja kutengenezesha kijitabu cha kukitambulisha.

"Mzee, picha ya madarasa iko wapi?" akauliza mwenye duka, mama wa Kikenya.

"Hiyo bado. Weka geti."

"Na ya maktaba?"

"Pia bado. Weka geti ile ile, lakini upande ingine."

"Na hii gari kubwa?"

Bwana akatabasamu kwa mara ya kwanza, akamwita mama kwa Kiganda. "Hiyo ni ya mkuu wa chuo, nyabo. Weka ukurasa ya mbele."

Mama akasogeza uso kwenye kompyuta. "Lakini hapa kwenye picha ni Kampala."

"Kisiwani hakuna barabara. Sasa gari itaenda kufanya nini?"

"Na mkuu wa chuo?"

Bwana akamkazia macho kama mtu aliyetukaniwa mkubwa wake. "Mkuu anakaa na gari yake."

"Wanafunzi je?"

"Hao wako na boti."

Mama akabofya, na mahali pa picha ya wanafunzi geti likatokea mara ya tatu. Zamu yangu ilipofika, nilimwomba aongeze sentensi moja kwenye barua ya binti yangu: mwombaji anajua kuogelea.