Jumapili ya Kinanda Kusoma Mipango Yake

Walimwita Kinanda, na hadi anamaliza mwaka sidhani kama kuna aliyekumbuka jina lake la kwao. Kanisa la kwao lilimtuma ng'ambo akiwa na miaka ishirini na miwili, akatumike mwaka mmoja kama mmisionari katika nyumba ya kutunzia vikongwe. Siku za kazi aliwaogesha, akawakata kucha, akawalisha kwa kijiko wale ambao mikono yao ilishagoma. Jumapili alipiga kinanda katika kanisa dogo la mle mle uani. Kabla yake nyimbo zilikuwa zikiburutwa kama gunia la mawe. Alipokuja yeye, hata Babu Redio, kikongwe asiyeona ambaye tangu alfajiri mdomo wake haukufungwa, alinyamaza ili amsikilize.

Sasa yalikuwa yamebaki majuma mawili. Ndani ya simu yake Kinanda alikuwa na barua aliyoisoma mpaka akaijua kwa moyo. Chuo cha uuguzi cha kwao kimempa nafasi, masomo yanaanza mwanzo wa mwezi, na asipofika siku ile ile nafasi inakwenda kwa mwingine. Alishaomba mara mbili huko nyuma akakosa. Mama yake alikuwa ameshamshonea sare na kuitundika nyuma ya mlango, na kila akipiga simu alimwambia, "Nimeipunguza kidogo kiunoni, mwanangu. Usije ukanenepa huko ukanitia hasara."

Lakini yalikuwapo mambo yaliyomtia Kinanda shaka. Hakuna aliyemtaja mmisionari mpya wa kumpokea kazi. Kitanda chake kilibadilishwa godoro, likaletwa jipya, nene, bado lina nailoni. Halafu siku moja Mama Mlezi, mkuu wa nyumba, mwanamke wa sauti laini kama pamba, akampa miche mitatu ya michungwa aipande nyuma ya jiko.

"Itazaa lini hii, mama?" Kinanda akauliza.

"Miaka minne, mitano. Utaila mpaka uikinai, mwanangu."

Akacheka, akaenda zake. Kinanda akabaki ameshika mche, udongo unamdondokea miguuni.

Alasiri hiyo alipita chumba cha kufulia akamkuta Shangazi wa Stoo anapiga pasi. Huyu alikuwa mwanamke wa makamo, mwembamba, funguo za stoo zinamning'inia kiunoni, na anapotembea unamsikia kabla hujamwona. Pembeni yake palikuwa na sanduku wazi. Blauzi mbili, sketi, koti la safari la mtindo wa zamani.

"Shangazi, unasafiri?"

"Ndiyo. Tangu miaka kumi na mmoja iliyopita." Shangazi akacheka peke yake. "Mimi nilikuja kwa mwaka mmoja kama wewe. Kila mwaka nazitoa, nazifua, nazipiga pasi, nazirudisha. Nguo zikikaa sana zinashika harufu."

"Sasa mbona hukwenda?"

"Mipango yangu iko kwenye maombi." Akageuza blauzi upande wa pili. "Maombi marefu hayo, eti?"

Hapo Kinanda hakucheka. Alikuwa anaujua utaratibu wa nyumba ile. Anayemaliza mwaka husimama Jumapili mbele ya kanisa, akasoma mipango yake ya mbele. Watu watano wa baraza wakisema amina, kinanda huitikia kwa wimbo wa kuaga, na Jumatatu anakabidhiwa pasipoti yake, ambayo Mama Mlezi huifungia kabatini ofisini tangu siku ya kwanza. Wakinyamaza, mipango inaachwa kwenye maombi, na pasipoti inabaki ilipo.

Jumapili ikafika. Kinanda akasimama, karatasi mkononi, akasoma kwamba anarudi nyumbani, kwamba anakwenda kusomea uuguzi, na tarehe akaitaja mara mbili. Akamaliza. Watu watano wa baraza wakamtazama. Mmoja akakohoa. Mwingine akashika kufuta miwani ambayo haikuwa na vumbi.

Kimya kile kilivyozidi, Kinanda akageuka akaona kiti cha kinanda kitupu, na akili ikamjia. Kumbe labda wanangoja wimbo! Na mpigaji ndiye yeye, amesimama huku mbele kama nguzo. Akaenda upesi, akaketi, akaupiga mwenyewe wimbo wa kumuaga yeye mwenyewe.

Aliupiga kama hajapata kupiga. Babu Redio akaudaka kwa sauti yake ya kukwaruza, vikongwe wakafuata, waliokuwa kwenye viti vya magurudumu wakagonga mikono ya viti. Nyuma kabisa Shangazi wa Stoo alikuwa amesimama, mkono umezibana funguo zisilie. Hata baraza walikuwa wakitikisa vichwa kuufuata wimbo. Kinanda akaona moyo wake umekuwa mwepesi kama karatasi.

Wimbo ulipokwisha, Mama Mlezi akaja taratibu, akashusha kifuniko cha kinanda, akamwekea mkono begani. Mkono ulikuwa na joto.

"Ndugu zangu, mmesikia wenyewe," akasema. "Kweli mtu wa namna hii tumwachie aende akadunge watu sindano?"

Kanisa likacheka, kicheko kizuri, cha upendo.

"Amina," wakamwitikia Mama Mlezi watu watano wa baraza, wote kwa pamoja.

Mchana huo huo Kinanda alifunga sanduku lake, akaliburuta mpaka kwenye benchi la nje ya ofisi, akaketi. Mama Mlezi akatokea mlangoni.

"Utachoka hapo, mwanangu."

"Nichoke tu, mama. Naingoja pasipoti yangu."

"Mungu akutie nguvu." Mlango ukafungwa polepole, na ufunguo ukazunguka ndani mara mbili.

Shangazi wa Stoo akaja, funguo zinalia kiunoni. Akalitazama sanduku, akalitazama benchi.

"Na mimi nilikaa hapo hapo," akasema kwa sauti ya chini. "Siku nne. Ya tano mvua ikanyesha, nikaambiwa ingia ndani, mwanangu, utaugua. Nikaingia."

Kinanda akatazama juu. Upande wa jikoni, juu ya miche ile mitatu, mawingu yalikuwa yameanza kukusanyika.

"Shangazi, huko stoo hamna mwavuli?"

Shangazi alizishika funguo zake, akazipitisha vidoleni moja baada ya moja kama ndiyo kwanza anazijua leo, halafu akaondoka. Alirudi na mwavuli mkubwa mweusi, waya mmoja umevunjika. Akaufungua kabla tone la kwanza halijadondoka, akaketi kando ya Kinanda.

Ndani ya ofisi, pazia la dirisha likasogea kidogo, likatulia.