Swali la Mama Kuhusu Meli Iliyozama

Nilirudi nyumbani Bwera, Uganda, kwa likizo baada ya miaka minne ya kuhudumia wazee katika mji wa pwani, nchi ya baridi. Mama alinipa sinia la maharage tuchambue pamoja, tukaketi barazani, nikaanza kumsimulia nilivyozamia baharini.

Mwenzangu wa kazini ndiye aliyenishawishi. Tulijifunza kwanza kwenye bwawa la mji, kisha mwalimu akatupeleka palipozama meli ya mizigo zamani. Nilivaa suti nene ya mpira, mtungi wa hewa mgongoni, na bado baridi ilinichoma usoni mpaka meno yakauma. Tulishuka tukifuata kamba. Nilipoiona meli imelala ubavu, imefunikwa na majani ya bahari, pumzi zikaanza kunienda mbio. Mwalimu aliligundua hilo. Akanishika mkono, akanitazama machoni, akapumua taratibu hadi nami nikamfuata. Hakuniachia tena. Kupitia dirisha moja niliona jiko la mabaharia, na sufuria kubwa, na samaki mdogo akitoka ndani yake.

Mama alikuwa ameacha kuchambua.

"Uliona batu?" akauliza. Yeye ni wa Butembo, Kongo, na miaka yote ya Uganda haijakigusa Kiswahili chake.

"Hapana, mama. Watu waliokolewa wote."

"Na kule chini, iko giza?"

Hapo ndipo nilipomkumbuka mjomba, mdogo wake, ambaye mtumbwi wake ulizama Ziwa Edward kabla sijazaliwa. Mwili haukuonekana, na nyumbani hatukumtaja. Nilitamani kumwambia kuna mwanga, basi. Nikashindwa kumdanganya.

"Kuna mwanga kidogo, wa kijani. Ukishuka zaidi ni giza. Lakini kumetulia, mama. Mawimbi hayafiki."

Mama aligeuza punje ya maharage kiganjani.

"Alikuwa anaogopa kelele," akasema. "Radi ikipiga, anaingia mu blanketi yangu."

Akaendelea. Mjomba aliimba vibaya kanisani na hakukubali kunyamazishwa. Aliwahi kuvaa viatu vya mama vya Jumapili kwenda kucheza mpira, akavirudisha vimepasuka. Mama alicheka hadi akajifuta macho kwa kitenge. Maharage yalichelewa kuinjikwa siku hiyo.

Jumapili tulikwenda parokiani, akamwomba padri misa ya kumwombea mdogo wake. Padri alipouliza jina, mama alilitaja lote, kwa sauti.