Mashine imekataa vidole vyangu

Leo mashine ya alama za vidole imenikataa, mimi na mafuta yangu.

Laini yangu ya simu ilifungwa juzi, nikaenda mjini kuisajili upya. Nilikuwa na haraka. Dada yangu wa Marangu hunipigia kila jioni, na asiponipata huamini nimekufa.

Mnajua baridi hii ya Moshi inavyokausha ngozi. Mnajua pia ninavyowahubiria kwenye ukurasa huu: oga maji ya vuguvugu, paka mafuta ngozi ikiwa bado na unyevu. Asubuhi nilifanya hivyo hivyo.

"Shikamoo babu. Vidole vina mafuta, havisomi," akasema binti wa laini.

Akaniletea beseni na sabuni ya unga. Nikamweleza kwamba sabuni kali huondoa mafuta ya asili ya ngozi. Akasikiliza kwa adabu, kisha akalisogeza beseni.

Nikanawa. Mashine ikakataa.

"Sasa vimekauka mno, babu. Paka mafuta kidogo."

Nikamtazama. Nikapaka. Ikakataa.

Mama mmoja kwenye foleni, aliyesikia somo langu la sabuni, akasema, "Mwalimu, mkubaliane kwanza na huyo binti."

Kilibaki kidole chenye plasta, nilichokikata pembeni nikimenya ndizi. Tukaibandua. Ngozi ilikuwa laini kama ya mtoto, wala sikuwa nimeipaka kitu. Mashine ikakisoma mara moja.

Dada amepiga. "Nilikuwa navaa viatu nimwone mchungaji," kasema.

Nimeoga, nimeshika chupa ya mafuta, na sielewi. Nipake, au nivifunge vyote plasta?

Nishaurini, ngozi inakauka.