Bibi aliposikia neno "facade"

Jamani, neno moja la Kiingereza leo limemfanya bibi yangu aache kuchambua mchicha!

Nipo kwake hapa Kiabakari. Namsaidia binti yangu kazi ya shule, nikasoma kwa sauti: facade. Yaani "fasaad".

Bibi akadakia, "Nani fasadi?"

Nikacheka. Nikamwambia si fasadi mchonganishi, bibi. Ni upande wa mbele wa nyumba.

Akaacha mchicha. Kisu chini.

Kumbe enzi za kijiji cha ujamaa, babu alikuwa mwenyekiti. Mgeni wa wilaya anakuja na chokaa haitoshi. Babu akaamuru nyumba zipakwe upande unaotazama barabara tu.

Mgeni akashuka kwenye gari, akasifia sana. Halafu akaomba choo.

Choo kiko wapi? Nyuma ya nyumba. (Hapo nilijifunika uso mimi.)

Aliporudi, akamwambia mwenzake neno moja la Kiingereza, wakacheka. Babu akasikia "fasadi".

"Hakugombeaga tena uenyekiti," bibi akasema. "Amekufa anajua aliitwa fasadi mbele ya watu. Kumbe yule alikuwa anasema ukuta?"

Nikamjibu, "Ndiyo, bibi. Ukuta tu."

Akatabasamu, akarudi kwenye mchicha wake.

Sasa, kitabu cha binti yangu kina maana ya pili: sura nzuri ya nje inayoficha ukweli.

Hiyo nimeiruka.

Nyie mngemsomea?