Picha za Miguu ya Mama Issa

Siku yangu ya kwanza kazini kama afisa ugani, kule Lukuledi, Afisa Kilimo wa Wilaya alinikabidhi baiskeli, kamba ya kupimia mashamba na onyo: "Mtaalamu ni wewe. Usiniletee maneno ya wakulima, niletee ekari." Nikatii kupita kiasi. Wanawake wa umri wa mama yangu niliwaamkia shikamoo, wakaitikia marahaba, kisha nikaanza kuwagombeza.

Nilikuwa nimebakiza miaka mitatu kustaafu nilipohamishiwa Makote. Huko Mratibu wa Mradi, mtu mpole, alileta kamera ndogo sita. Mkulima anakaa nayo wiki moja, anapiga picha ya anachokijua kuhusu ardhi yake. Halafu unafuata usaili wa picha: picha inaoneshwa ukutani, mwenyewe anaeleza, sisi tunaandika bila kumkatiza. Hilo la kutokatiza lilinitesa sana.

Mmoja wa wale sita alikuwa Mama Issa, mjane mwenye kichaka alichokiacha miaka minane ili ardhi ipumzike. Mpango wa kijiji ulitaka kifyekwe, ipandwe mikorosho. Usaili ndiyo nafasi pekee aliyokuwa nayo ya kukitetea, na kusema mbele za watu hakuweza.

Asubuhi ya usaili nilizipitia picha. Zake zote zilikuwa miguu yake: mguu mchangani, mguu kwenye majani, mguu tena. Nikajua amebonyeza kwa bahati mbaya. Nikazifuta, asije akachekwa.

Zamu yake ilipofika, ukuta ukabaki mweupe.

"Picha zangu ziko wapi, Mama Neema?"

"Nimezifuta, Mama Issa. Nilidhani umekosea."

Machozi yakamlengalenga. Sijawahi kuona aibu kama ile. Mratibu hakunikemea, na afadhali angenikemea.

"Nangu, mimi huyu, sijui kusema," alisema mwisho. "Vua viatu, twende."

Tukaenda wote, mwenyekiti wa kijiji akiwemo. Akanisimamisha kwanza kwenye shamba lililofyekwa jirani. Mchanga ulikuwa mgumu, unaunguza, nikawa narukaruka na watu wakacheka. Kisha akanishika mkono akaniingiza kichakani. Mguu ulizama hadi kifundoni kwenye udongo mweusi, wa baridi, na kiangazi kilikuwa kimekolea.

"Mguu ukizama hivi, ardhi imeshapumzika," alisema. "Kipande cha kule mwisho wa kichaka mguu hauzami bado, nakisubiri. Ukikifyeka kichaka sasa, mvua itaubeba udongo wote."

Mratibu akaomba nisisogee, akapiga picha. Kichaka kiliachwa. Kwenye ripoti, chini ya picha ile, paliandikwa: Mtaalamu: Mama Issa. Miguu: ya afisa ugani.

Sasa nimestaafu, naishi Masasi. Vyeti vyangu vimo sandukuni. Sebuleni nimetundika picha ile tu. Wageni huuliza ni miguu ya nani hiyo michafu. Nawajibu ni ya mwanafunzi wa Mama Issa, aliyechelewa sana kuanza shule.