Sista Puto, Mlinzi wa Watoto Waliovimba

Alizaliwa mzima kabisa, mtoto wa pekee wa mama mjane, fundi cherehani, katika chumba ambacho nusu yake ilikuwa ya mashine na vitambaa, nusu ya kulala. Alipofika miaka mitano akaanza kuamka uso umevimba, macho yamebaki mistari. Majirani wakasifu, "Huyu kanona, hongera mama!" Mama, masikini wa Mungu, akafurahi, akawa anaachia mishono ya gauni kila lilipobana. Laiti asingejua kushona! Mwingine angeshtuka nguo zilipokataa kuingia. Yeye aliuficha ugonjwa kwa ufundi wake mwenyewe. Viatu vilipogoma ndipo akampeleka zahanati. Mwuguzi aliupasha moto mkojo wa mtoto, nao ukaganda mweupe kama ute wa yai. "Mama, hajanona," akasema. "Figo zinavujisha protini, na maji yanabaki mwilini." Ugonjwa huo huitwa nefrotiki.

Vidonge vilipunguza uvimbe, lakini vilimpunguzia na kinga. Tetekuwanga ilipoingia shuleni, akafungiwa ndani. Watoto walipita dirishani, wakamwita Puto, wakaenda zao kucheza, naye mama alikuwa kutwa nzima akipeleka nguo za watu. Asikudanganye mtu kwamba watakatifu hawaumii: upweke ule ulimchoma kuliko sindano, akalia hadi sauti ikakauka. Humo ndani akaweka nadhiri kwamba akipona, mtoto mwenye ugonjwa huo hatakaa peke yake maadamu yeye yu hai.

Alipona, akaingia utawani, na jina la Puto akalichukua mwenyewe kwa kicheko. Walimpa wodi ya watoto. Mama aliyebisha kwamba mwanawe ni mnene tu, Sista alimwuliza taratibu, "Uso unavimba asubuhi, mama? Mkojo una povu kama la sabuni?" Halafu alimshika mkono wakaenda wote maabara. Uvimbe ulipokwisha na wazazi wakataka kuacha vidonge, aliwaganda kama kupe mpaka daktari aseme basi. Kisha alikaa kando ya vitanda, mchana kutwa, akisimulia vichekesho ambavyo, tuseme ukweli, havikuchekesha sana.

Alipokaribia miaka arobaini, miguu yake ilivimba tena. Akajisemea ni ule ule wa utotoni, utapita, akanyamaza. Hapo alikosea, wala hatumfichi. Daktari alipomgundua alisikitika. "Sista, mtoto tunampa dawa kwanza, na wengi hupata nafuu. Kwa mtu mzima sababu ni nyingi. Lazima tuchukue kipande kidogo cha figo kwa sindano, tukitazame." Kipande kikaonyesha makovu. Figo zilikuwa zimechoka, na kifua nacho kikaanza kumkohoza.

Siku hizo binti wa mwashi mmoja, asiye na mama, alikuwa wodini amevimba upya, na vidonge vimemwacha bila kinga. Alikuwa akimlilia Sista Puto. Sista akiingia na kikohozi kile, angeweza kumwua. Asipoingia, nadhiri imevunjika. Sista akamgeukia mtawa aliyekuwa kando ya kitanda chake akimwuguza.

"Nenda ukakae na mtoto."

"Na wewe je, dada?"

"Mimi nimezoea. Yeye bado."

Sista alifariki mchana ule, chumbani hamna mtu. Mtawa yule hulia hadi leo akisimulia, kwa kuwa alirudi mbio kumwambia kwamba mtoto amelala, akakosa wa kumwambia.

Binti yule alipona. Povu la mkojo lilikoma juma lile lile. Waumini husema ni muujiza, daktari husema ni dawa, nasi hatugombani na yeyote kati yao. Katika wodi ile, tangu hapo, kila kitanda cha mtoto kina kiti na kila kiti kina mtu.

Basi, ndugu, tumwige. Ukimwona mtoto ameamka uso umevimba, usimsifu kwamba amenona. Mpeleke apimwe. Kisha usiondoke.